Bastola juu ya meza

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Narok utapita mashamba ya ngano mpaka macho yachoke, kisha utaacha Ololulunga nyuma na kufika Mulot. Ni mji mdogo uliokaa mpakani, mguu mmoja Narok na mwingine Bomet. Hapo unapita Mto Amala ukitoka msitu wa Mau, na huko chini hukutana na Nyangores ukazaliwa Mto Mara ule wa nyumbu na watalii. Chai bado haijaanza. Hiyo utakutana nayo ukishapita Longisa ukielekea Bomet, na kutoka hapo hadi Kericho ni kijani kitupu.

Najua wengi wenu mjini mkisikia jina la Mulot mnashika mifuko kuhakikisha laini za simu zenu zipo. Wenyeji wamechoka na dhihaka hiyo, na wana haki ya kuchoka, kwa sababu wengi wao ni wakulima wa mahindi na wafugaji ambao hawajawahi kumwibia mtu hata kuku. Lakini leo sikuleti Mulot kwa ajili ya simu.

Jumamosi moja ya Agosti nilialikwa koito katika boma moja karibu na mji huo. Kwa wasiojua, koito ni siku ambayo Wakipsigis wa upande wa kijana na wa upande wa msichana hukaa pamoja kukubaliana juu ya mahari, wakala na kunywa. Hema lilikuwa limesimamishwa uani, viti vya plastiki vimepangwa, na vibuyu vya mursik vimeshatolewa. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwamo bwana mmoja mfanyabiashara, mtu mcheshi na mkarimu, ambaye alikuja na mkewe kwa gari kubwa. Alipoketi, kitu fulani kikamsumbua kiunoni. Akakichomoa, akakiweka mezani baina ya chupa ya soda na sahani ya nyama. Ilikuwa bastola.

Hakuna aliyesema neno. Vijana wawili watatu waliiangalia kwa tamaa, kama vijana wanavyoangalia pikipiki mpya. Wakubwa waliendelea kutafuna huku wakiangalia kando. Kisha mtoto mmoja wa boma hilo, wa umri wa miaka mitano hivi, akaja mbio kutafuta soda. Alifika mezani, akaiona, akanyosha mkono.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mkabala alivua kofia yake akaifunika nayo ile bastola. Hakuharakisha wala kupaza sauti. Mtoto akabaki ameduwaa, mkono hewani.

"Kijana yangu," mzee akamwambia yule bwana, "huyu mgeni wako hajatambulishwa kwetu. Mwondoe mezani."

"Usiwe na shaka, mzee," bwana akajibu akicheka. "Nina leseni."

"Mtoto hajui kusoma leseni."

Watu wakacheka, bwana naye akacheka, bastola ikarudi kiunoni, na mazungumzo ya ng'ombe yakaendelea. Ni jambo la dakika moja. Lakini mimi tangu siku hiyo neno hilo "leseni" halijanitoka akilini, na ndilo ninalotaka tuliangalie leo, hasa kwa kuwa kila mara kunapotokea mauaji ya halaiki kwa bunduki huko Marekani, sisi hapa hutikisa vichwa tukasema Wamarekani wana wazimu, kisha tukabadilisha idhaa.

Hebu kwanza tuwatendee haki Wamarekani kwa kuelewa shida yao. Katiba yao iliingizwa mwaka 1791 kifungu kinachompa mwananchi haki ya kuwa na silaha. Kwa hivyo mjadala wao huanzia kwenye haki: serikali ndiyo inayopaswa kueleza kwa nini inakunyima bunduki. Matokeo yake ni kwamba, kwa makadirio ya watafiti wa Small Arms Survey ya mwaka 2017, raia wa nchi hiyo walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393, yaani bunduki 120 kwa kila watu 100. Bunduki ni nyingi kuliko watu! Mnamo Aprili 1999 wanafunzi wawili waliua watu 13 katika shule ya Columbine. Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook. Mei 2022, huko Uvalde, Texas, wakafa watoto 19 na walimu wawili. Na tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa nchi hiyo, ikiwa mbele ya ajali za barabarani na ya saratani.

Sisi Kenya tunaanzia upande wa pili kabisa. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, haimpi mtu haki yoyote ya bunduki. Anayeitaka ndiye anayepaswa kueleza kwa nini anaihitaji. Anayetoa cheti lazima aridhike kwamba mwombaji ana sababu ya kweli, kwamba si mlevi kupindukia, kwamba akili zake ni timamu, na kwamba kumpa silaha hakutahatarisha usalama wa umma. Cheti chenyewe hudumu mwaka mmoja, kisha hurudi kuombwa upya. Desemba 2018 waziri wa usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza wote wenye leseni wakaguliwe upya katika muda wa siku 90, maana ilikuwa imebainika kwamba vyeti vingine vilipatikana kwa njia za panya. Watafiti wale wale walikadiria kwamba raia wa Kenya, wenye leseni na wasio nayo, walikuwa na bunduki 750,000 hivi. Hiyo ni kama moja na nusu kwa kila watu 100.

Ukilinganisha 120 na moja na nusu, utaona ni kwa nini watoto wetu hawafanyi mazoezi ya kujificha chini ya madawati. Kwa hili tuishukuru sheria yetu, na yeyote anayetaka kuilegeza atueleze vizuri sana anachotafuta.

Basi tungeweza kuishia hapo, tukalala. Lakini hebu tukumbuke yaliyotutokea wenyewe. Siwazungumzii magaidi wa Westgate wala wa Chuo Kikuu cha Garissa, kwa kuwa hao waliingia na silaha ambazo hakuna leseni ingewazuia kuwa nazo. Nazungumzia mtu wa kawaida, anayejulikana na majirani, ambaye siku moja hugeuka.

Usiku mmoja wa Novemba 2010, katika mji wa Siakago huko Mbeere, askari wa polisi wa utawala alitembea kutoka baa hadi baa akipiga watu risasi. Alipomaliza, watu 10 walikuwa wamekufa, wakiwemo polisi wenzake wawili. Ilisemekana alikuwa akimtafuta mwanamke. Miaka 11 baadaye, alfajiri ya Desemba 7, 2021, askari mwingine alimpiga risasi mkewe nyumbani kwao huku kwetu Nairobi, upande wa Kangemi na Kabete. Kisha alitoka nje na bunduki yake aina ya AK-47, akaua watu wengine kadhaa waliokuwa wakijiendea zao, halafu akajiua. Jirani zetu wa Uganda nao, Mei 2, 2023, waliamka na kusikia kwamba waziri mdogo wa leba, Charles Engola, ameuawa nyumbani kwake na askari aliyekuwa mlinzi wake.

Katika visa vyote hivyo vitatu, bunduki ilikuwa halali. Hakuna aliyeinunua gizani mpakani. Ilitolewa na serikali kwa mtu aliyefunzwa, aliyepimwa na kuapishwa. Nao wanaokumbuka visa hivyo watakwambia kwamba chanzo hakikuwa siasa wala ujambazi, bali ni mambo ya nyumbani: mapenzi, hasira, unyonge, pombe, msongo wa mawazo. Ni yale yale ambayo kila mtaa unayo.

Nilirudi kwa yule mzee wa kofia baada ya chakula. Nilitaka kumwuliza juu ya mishale, kwa sababu mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba bunduki haiui, mtu ndiye anayeua, na kwamba ukimnyang'anya mtu bunduki atachukua upinde au panga. Na eneo hili linaijua mishale. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, soko la Chebilat kwenye mpaka wa Sotik na Borabu liliteketezwa, na vijana wa pande mbili wakakabiliana kwa pinde na mishale. Mwaka 2018, wakati watu walipokuwa wakiondolewa msitu wa Mau, mishale iliruka tena katika sehemu za Narok Kusini. Si mambo ya kale.

"Baba yangu aliweka mishale darini," mzee akaniambia. "Vichwa vyake vilifungwa ngozi kwa sababu ya sumu. Hata mimi mwanawe sikuruhusiwa kuishika mpaka nilipotahiriwa."

Nikamwuliza kama mshale hauui kama bunduki.

"Unaua. Mimi nimeona." Akanyamaza kidogo. "Lakini ukishapiga mmoja lazima uchukue mwingine, uuweke, uvute. Na huyo mwingine hakungoji. Anakimbia, au anakuja kukushika. Kwa bunduki, mwoga mmoja anaweza kumaliza soko zima."

Hebu rudia maneno hayo, msomaji. Bunduki ya G3, ambayo kwa miaka mingi imekuwa begani mwa polisi wetu, ina magazini ya risasi 20. Magazini ya kawaida ya AK-47 ina risasi 30. Hasira ya mtu wa Siakago haikuwa kubwa kuliko hasira ya mtu yeyote aliyewahi kuachwa na mpenzi. Tofauti ilikuwa mkononi mwake. Angekuwa na rungu, huenda tungezika mtu mmoja, au tusingezika mtu. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tushughulikie roho za watu tuache vyombo. Roho ni za kushughulikiwa, naam, lakini roho hazina magazini.

Nchi nyingine zililiona hilo kwa machungu. Machi 1996 mtu mmoja aliingia shule ya msingi ya Dunblane huko Scotland akaua watoto 16 na mwalimu wao. Bastola alizotumia alikuwa nazo kwa leseni. Kufikia mwisho wa mwaka 1997, Uingereza ilikuwa imepiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia. Aprili mwaka huo huo wa 1996 mtu mwingine aliua watu 35 huko Port Arthur, Australia, na serikali ya nchi hiyo, tena ya chama cha kihafidhina, ikanunua kutoka kwa raia na kuharibu bunduki zipatazo 650,000. New Zealand ilipoteza watu 51 katika misikiti ya Christchurch mnamo Machi 2019, na katika muda wa mwezi mmoja bunge lake lilikuwa limepitisha sheria ya kukataza bunduki za aina ile.

Lakini ni kisa cha Plymouth, Uingereza, ambacho nadhani kinatuhusu zaidi, ingawa hakikupata kelele nyingi huku kwetu. Kijana mmoja huko alikuwa na bunduki ya leseni. Mwaka 2020 alipiga watu, polisi wakamnyang'anya bunduki pamoja na cheti. Julai 2021 wakamrudishia. Mwezi uliofuata, Agosti 12, alimuua mama yake mzazi kwa bunduki hiyo, kisha akatoka nje akaua watu wengine wanne, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka mitatu. Mama huyo alikuwa amehangaika muda mrefu akimtafutia mwanawe msaada wa akili. Aliyemjua kuliko wote ndiye aliyekufa wa kwanza.

Sasa nirudi Mulot, nikupeleke jikoni.

Kwenye koito, wanawake wana mkutano wao ambao hakuna katibu anayeuandika. Tukiwa tunapakua chakula, kisa cha bastola mezani kilizungumzwa, na mama mmoja ambaye huuza nguo sokoni, mke wa polisi aliyestaafu, akatusimulia jambo. Miaka mingi iliyopita mumewe alikuwa akifanya kazi mbali, mahali pa hatari, na alipoteza wenzake kadhaa kwa siku moja. Aliporudi likizo alikuja na bunduki. Alilala nayo kitandani. Usiku aliamka, akaketi kando ya mlango hadi kukakucha.

"Sikumwogopa yeye," mama huyo alisema. "Yeye ni mtu mzuri mpaka leo. Niliogopa ile kitu na ule usiku vikikutana."

Alifanya nini? Siku ya tatu aliwapeleka watoto kwa nyanya yao, akamwambia mumewe kwamba nyanya anawahitaji shambani. Kisha akapanda gari akaenda kwa mkubwa wa kazi wa mumewe, bila kumwambia mtu. Anasema alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane, na alipoingia aliulizwa kama anataka mumewe afutwe kazi wale nini. Hakujua ajibu nini. Alisema tu, "Mwondoeni bunduki kidogo, mshahara muache." Mkubwa huyo alicheka, lakini alikuwa mtu mwenye moyo, kwa sababu wiki iliyofuata mumewe aliitwa akapewa kazi ya ofisini kwa mwaka mzima.

"Na yeye alijua ni wewe?" tukamwuliza.

"Nilimwambia baada ya miaka sita. Alininyamazia siku mbili. Kisha akaninunulia leso."

Wanawake walicheka mpaka sufuria ikataka kuanguka. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nikifikiria swali aliloulizwa. Mwanamke anayeenda kusema kwamba mumewe ana bunduki na hana usingizi anachagua baina ya usalama wake na unga wa watoto. Ni wangapi huondoka pale bencini kabla ya saa nane?

Na hapa ndipo ninapoona pengo katika sheria yetu nzuri. Kifungu cha 5 cha Sura ya 114 kinamwangalia mwombaji, na kinamwangalia afisa wa kutoa cheti. Kati ya hao wawili hakimtaji mke, wala mume, wala mama mzazi, wala yeyote anayelala chini ya paa moja na bunduki hiyo. Nani atakayejua kwamba mtu ni mlevi kupindukia? Daktari aliyemwona dakika 20 asubuhi akiwa amenyoa ndevu na kuvaa tai? Polisi wa kituo ambaye hajawahi kukanyaga kwake? Maswali ambayo sheria inauliza yana jibu, na jibu liko nyumbani, lakini barua haitumwi huko.

Kuna nchi iliyoituma. Desemba 6, 1989, katika chuo cha uhandisi cha École Polytechnique mjini Montréal, Canada, mtu mmoja aliwatenga wanawake na wanaume, akaua wanawake 14. Mjadala uliofuata ulizaa sheria ya silaha ya mwaka 1995. Chini ya utaratibu wa Canada, anayeomba leseni ya bunduki hutakiwa kumtaja mwenzi wake wa sasa na yule aliyeishi naye katika miaka miwili iliyopita, nao huombwa kutia sahihi. Mwenzi akikataa, ombi halifi hapo hapo, lakini afisa wa silaha analazimika kumjulisha kwamba leseni imeombwa, na yeye hupata nafasi ya kusema alicho nacho. Ni karatasi moja tu. Gharama yake ni wino.

Hata Marekani yenyewe, pamoja na kifungu chake cha 1791, imeanza kuelekea huko kwa njia nyingine. Baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, Florida, mnamo Februari 2018, jimbo hilo, ambalo si la watu wa kuchukia bunduki, lilipitisha katika muda wa wiki chache sheria inayowaruhusu polisi kuiomba mahakama imnyang'anye mtu silaha kwa muda akionyesha dalili za hatari. Katika baadhi ya majimbo mengine, jamaa wa nyumbani wenyewe wanaweza kwenda mahakamani. Hakuna anayefutwa kazi wala kufungwa. Bunduki huondolewa kidogo, kama alivyosema yule mama, na mtu akitulia hurudishiwa.

Najua nitakayojibiwa. Bwana wa koito mwenyewe alinijibu, kwa sababu nilimfuata baadaye nikamwuliza kwa heshima kwa nini anatembea na bastola. Hakukasirika. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya pesa kuhamia kwenye simu, alinunua ng'ombe masokoni akiwa na noti za kutosha kununua shamba, na barabara hii ya Narok ilikuwa na majambazi. Alishambuliwa mara mbili. Mara ya pili alipigwa panga kichwani, akanionyesha kovu. "Polisi walifika baada ya saa mbili," alisema. "Wewe ungefanya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tena kuna siku ya Westgate, Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa. Kabla ya kikosi chochote kikubwa kufika, raia wachache wenye bastola zao za leseni, pamoja na polisi waliokuwa karibu, waliingia ndani wakatoa watu. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye amekuwa seneta wa Garissa. Wapo watoto walio hai leo kwa sababu ya watu hao. Siwezi kuandika kuhusu bunduki za leseni nikasahau hilo ati kwa kuwa haliniungi mkono.

Kwa hivyo sisemi bwana yule anyang'anywe. Nasema tu kwamba kovu lake linaeleza kwa nini anahitaji bastola barabarani. Halielezi kwa nini ilikuwa mezani penye watoto, wala wapi inalala usiku, wala ni nani mwingine anayeweza kuifikia. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku. Mwenye silaha akiulizwa juu ya nyumbani hujibu juu ya barabara.

Ninyi wanafunzi mnaonisoma mkiwa likizo, mambo haya hayako mbali nanyi. Tangu Septemba 2018 serikali ilipobadilisha utaratibu wa makazi, polisi wengi wamekuwa wakikodi nyumba katika mitaa yetu badala ya kuishi kambini. Mimi naona ni jambo jema, kwa kuwa polisi anayenunua sukuma wiki kwa mama mboga yule yule tunayenunua kwake atatufahamu, nasi tutamfahamu. Lakini kambini kulikuwa na ghala la silaha hatua chache kutoka kitandani, na mwenzake aliyeona kwamba leo hajanyoa, jana hakula. Mtaani, hayo huonekana na mke na watoto, na jirani wa ghorofa ya pili ambaye anasikia kelele saa nane za usiku kisha anaongeza sauti ya redio. Bunduki inapaswa kurudishwa ghalani kazi ikiisha, na kutiwa sahihi. Ikiwa mwaonana nayo sebuleni kila jioni, mkubwa wa kituo ana swali la kujibu, na mnayo haki ya kumwuliza kwa adabu.

Na wewe mzazi unayempeleka mtoto kulala kwa rafiki yake, unauliza kama kuna mbwa mkali, kama kuna kidimbwi. Ongeza swali moja. Mwenye nyumba muungwana hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu.

Jua lilipokuwa likizama, wageni walianza kuaga. Mahari ilikuwa imekubaliwa, na nyimbo zilikuwa bado zikiendelea uani. Nilimsindikiza mke wa yule bwana hadi kwenye gari nikimbebea kibuyu chake cha mursik. Ni mwanamke mtulivu, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwuliza, mumewe alipoomba leseni, kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumpigia simu au kumfikia kumwuliza maoni yake.

"Mimi?" akashangaa. "Niulizwe na nani, dada?"

Nikamwuliza basi huiweka wapi usiku.

"Juu ya kabati, kwenye sanduku la chuma. Ufunguo anao yeye." Alichukua kibuyu mikononi mwangu, akakiweka kwa uangalifu katikati ya miguu yake kwenye kiti cha mbele. "Lakini wakati mwingine hulala kwenye kochi na viatu vyake. Siku hizo sanduku halifunguliwi, kwa sababu hakuna kitu cha kutia ndani."

Mumewe alikuja, akatuaga kwa vicheko, akawasha gari. Yule mtoto wa soda alikuwa amesimama langoni akiwapungia mkono.